Nota Ndogo Inayoegemea

Mwezi uliopita, kwenye harusi moja Gaithersburg, kijana aliyekaa meza yetu aliniuliza, "Bibi, kabla hujaretire ulikuwa unafanya job gani?" Nikamwambia nilikuwa natuni hapsikodi. Akatikisa kichwa kwa adabu, akaendelea na biriani lake, na baada ya muda akaniuliza kama spea zake zinapatikana hapahapa Maryland au mpaka ziagizwe Japani. Alidhani ni gari. Sikumcheka sana. Nilimcheka kidogo.

Basi nawaandikia nyinyi, wajukuu zangu wa damu na wa mtaa, mnaoelewa Kiswahili chetu chote halafu mkanijibu kwa Kiingereza. Nawaandikia ili siku ya hitima yangu asije akasimama mtu kusema kwamba Bi Mwanaidi, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa magari.

Hapsikodi ni kinanda. Ukikitazama utadhani ni piano iliyokonda, lakini tabia zao ni mbalimbali. Piano hugonga nyuzi zake kwa nyundo. Hapsikodi huzidonoa. Nyuma ya kila kitufe pamesimama kijiti cha mbao, na kwenye kijiti pametokeza ulimi mdogo wa unyoya wa bata bukini. Ukibonyeza kitufe, kijiti kinaruka na unyoya unaukwanyua uzi. Siku hizi unyoya wenyewe ni plastiki, na mimi nimeikubali plastiki kwa shingo upande, maana bata hana stoo ya mtandaoni.

Baba yangu Unguja alikuwa mpiga ganuni kwenye taarabu. Ganuni nayo hukwanyuliwa. Baba alivaa pete mbili kwenye vidole vya shahada, na ndani ya kila pete alichomeka ukucha wa pembe. Mimi nilikua nikimshikia taa ya chemli wakati anakaza nyuzi zake, na hizo nyuzi ni sabini na ushei, kwa hiyo mnaweza kukisia utoto wangu ulivyokwenda. Nilipofika Marekani nilijua kufagia, kupika, na kusikia. Hicho cha tatu hakuna fomu ya kazi iliyokiuliza.

Niliajiriwa kufagia karakana ya Bwana Ansel, kule Riverdale Park, nyuma ya njia ya treni. Bwana Ansel alikuwa mtu mrefu, ndevu zake zimejaa vumbi la mbao, asiyesema neno mpaka liwe limeiva. Alitengeneza hapsikodi na kuzihudumia zile zilizotawanyika kwenye makanisa, vyuo na majumba ya watu kutoka Baltimore mpaka Virginia. Wiki yangu ya pili, napangusa kinanda, kiwiko kikabonyeza kitufe. Nikasikia ganuni. Nikabonyeza tena kwa makusudi. Nikabonyeza na cha pembeni, nikasema peke yangu kwa Kiswahili, "Wewe umelegea."

Alikuwa nyuma yangu. Akaniuliza nimesema nini, nikamwambia, nikitarajia kufukuzwa. Akaninyooshea ufunguo wa kutuni, wa kukazia nyuzi, akachukua ufagio mkononi mwangu, na wiki ile nzima akafagia yeye. Alifagia vibaya sana.

Sasa sikilizeni, maana haya hayako kwenye simu zenu. Upande huu wa Maryland una unyevu wa kutisha. Julai mbao hunywa maji, zinavimba, sauti zote zinapanda. Januari wakiwasha hita mbao zinakauka na sauti zinashuka. Kwa hiyo usifike ukumbini ukaanza kutuni hapohapo. Fika mapema, mwombe mlinzi awashe ubaridi uleule utakaokuwapo watu wakiwa wamekaa, kisha kaa chini ule karanga zako mpaka kinanda kizoee. Na kila nota uliyoituni, ilinganishe na dada yake wa juu na wa chini, wale wenye jina lilelile, kabla hujaiacha. Kila nota! Hilo la mwisho nalisisitiza kwa sababu nitawaeleza siku niliyoliacha.

Vijana huja na programu ya simu inayowasha taa ya kijani nota ikikaa sawa. Mimi sina ugomvi na taa ya kijani. Lakini taa haijui utapiga nini leo. Ukikaza nyuzi kwa usawa wa hesabu, kila nota inapata haki yake na hakuna inayopendeza. Fundi wa zamani alikuwa akiipunja hii kidogo na kuiongezea ile, kwa kujua wimbo utapita njia gani. Ni upendeleo, ndiyo, na ndio utamu wenyewe.

Muziki uliokuwa ukipigwa sana na wateja wetu ulikuwa wa Ulaya wa karne ya kumi na nane, ule unaoitwa galanti. Kabla yake, Bwana Ansel alinieleza, muziki wao ulikuwa sauti nne tano zinazosema zote kwa pamoja, kila moja na hoja yake, kama wajumbe wa kikao cha jumuiya yetu. Kikatokea kizazi kilichochoka. Wakataka sauti moja iimbe, na mkono wa kushoto uisindikize taratibu bila kuikanyaga. Neno galanti maana yake ilikuwa ni adabu za kupendeza: mtu anayejua kuingia sebuleni, kusema neno tamu, na kuondoka kabla hajachosha. Jasho lako usilionyeshe.

Mwanzoni niliona ni chai ya rangi isiyo na tangawizi. Nota chache, kurasa nyeupe. Nikawa najiuliza, hawa walilipwa ili waandike nusu?

Aliyenifungua macho ni Odile. Huyu alikuwa mpigaji, mzaliwa wa Bukavu, akasomea Brussels, akaolewa hapa. Kiswahili chake na changu kilikuwa kama ndugu waliolelewa na mama tofauti, lakini tulielewana, na kwangu kumpata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili mbele ya hapsikodi ilikuwa ni neema.

"Batu ya zamani hawakuandika yote," aliniambia, "sababu mupigaji alijua. Kule Napoli balikuwa banafundisha batoto yatima vipande, vipande tu. Kipande ya kufungua, kipande ya katikati, kipande ya kufunga. Mutoto anaweka ku kichwa. Kisha, voilà, anapiga saa muzima bila karatasi."

Hilo nililielewa mara moja. Kwetu watu wawili wakikutana njiani, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, njema, wazee hawajambo, wanaendelea, za tangu juzi, na hakuna aliyefikiri hata neno moja, lakini ukikosea mpangilio utaonekana umelelewa msituni. Basi galanti ndivyo ilivyo. Maneno ni ya wote, na uhodari uko katika namna unavyoyasema.

Kulikuwa na kitu kimoja kikanishinda kukielewa. Kwenye karatasi zao, mbele ya nota kubwa, mara kwa mara huwekwa nota ndogo, kijinota kama mdudu. Nilidhani inaguswa tu na kuachwa. Kumbe Odile anaishikilia! Nota ndogo inakula nusu ya muda wa ile kubwa, wakati mwingine zaidi, na muda wote huo inagombana na besi. Kisha inateremka kwenye nota kubwa na roho yako inashuka nayo. Wenyewe huiita nota inayoegemea. Nikauliza, kama ni ndefu, kwa nini iandikwe ndogo?

Bwana Ansel aliwaza mpaka kahawa yake ikapoa. Akasema kwamba kwa sheria za waalimu wao, sauti ile ilikuwa kosa. Kuiandika kubwa ni kukiri kosa mbele za watu. Kwa hiyo waliiandika ndogo, kana kwamba haipo, na kila mpigaji mwenye malezi alijua kwamba ndiyo moyo wa wimbo. Nimeishi na jibu hilo miaka mingi na mpaka leo nikilitazama naona lina chumba kingine nyuma.

Sasa kosa langu.

Odile alikuwa na onyesho Jumapili moja mchana, kanisani Wheaton, peke yake na hapsikodi mpya ya karakana yetu. Walialikwa watu waliokuwa wakifikiria kuagiza vinanda. Bwana Ansel akaniambia asubuhi, "Leo unatuni wewe. Mimi nitakaa tu." Ilikuwa mara yangu ya kwanza peke yangu. Hakunitisha kwa lolote, lakini mimi nilijua: nikifaulu, ufunguo ni wangu; nikiharibu, ufagio uko palepale nyuma ya mlango, na jina lake nalo nimeliburuza. Yeye akaenda kukaa mstari wa mbele, mkono wa kushoto, mahali anapoiona mikono ya mpigaji. Siku zote alikaa hapo. Nilidhani ni mapenzi tu ya mtu mwenye kutazama kazi yake.

Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri, isipokuwa kipande kimoja cha polepole. Mle ndani nota ya E ya juu ilirudi mara kwa mara ikiegemea juu ya besi ya F, na kila ikirudi ilinichoma. Nikasema, uzi umepanda, watu wamejaa na joto limeingia. Nyinyi mmeshajua kwamba uzi haukuwa na tatizo. Ile ilikuwa nota inayoegemea, inafanya kazi yake ya kuuma. Lakini mimi nimesimama nyuma ya nguzo, na karatasi siioni.

Mapumziko yalikuwa mafupi. Nikaenda na ufunguo wangu. Na hapa ndipo utoto wangu uliponiponza. Ganuni ina vijipande vya shaba chini ya nyuzi; mpigaji akivinyanyua au kuvilaza, nota inapanda au kushuka kidogo, chini ya nusu ya hatua, ili ikubaliane na wimbo anaoupiga. Nota ambayo baba yangu aliihangaikia kuliko zote ilikuwa hiyohiyo E. Kwetu ina mahali pake, chini kidogo ya ile ya Wazungu, na ikikaa hapo wazee walikuwa wakisema "Allah!" kabla hata mwimbaji hajafungua kinywa. Basi nikabonyeza besi ya F, nikabonyeza E, nikaishusha polepole mpaka ikaacha kugombana. Ikakaa kwa baba yangu. Ikapendeza, wallahi. Sikuilinganisha na dada yake wa juu wala wa chini. Nikarudi nyuma ya nguzo nikijisifu.

Odile akakaa, akaanza kipande cha mwisho. Mara ya kwanza alipoigusa E ile, ilitoka sauti ya mbuzi. Nikajua palepale kwamba nimeula wa chuya. Nikashika nguzo ya watu kama mlevi. Wimbo mzima ulikuwa umejengwa juu ya nota hiyo na nilikuwa nimeing'oa.

Nikangoja ya pili. Haikuja.

Hakuipiga tena. Nusu saa nzima! Wimbo ukielekea E, yeye anachukua kipande kingine katika vile vipande vyake vya mayatima, anazunguka, anapita G, anateremka kwa upande wa pili na kufika nyumbani akitabasamu. Pale ambapo hakuna njia, anashuka chini na kuimba sehemu hiyo kwa sauti nzito, kana kwamba ndivyo alivyotaka tangu juzi. Jasho lake hakuna aliyeliona. Watu walisimama kumpigia makofi. Mzee mmoja alimwambia mapambo yake yalikuwa mapya kabisa, hajawahi kusikia mtu akipamba hivyo.

Bwana Ansel akanijia, akanishika bega. "Kazi safi," akasema. "Hasa kipande cha mwisho. Kinanda hakijawahi kulia vizuri namna ile."

Nikamtazama usoni nikitafuta kejeli. Hakukuwa na kejeli. Ndipo yakaja yote kwa mpigo: anavyonitaka nirudie nilichosema, anavyolaza kiganja juu ya mbao mtu akipiga, anavyonipa mimi nyuzi za juu na kubaki na za chini. Mtu huyu hakuwa amemsikia yule mbuzi. Alikuwa anapoteza masikio, na masikio ndiyo yaliyokuwa yakimlisha.

Odile nilimkuta kwenye maegesho, nikaanza kuomba msamaha kabla sijamfikia.

"Ile E ya nusu ya kwanza haikuwa mubaya," akaniambia. "Iliniumiza, ndiyo. Iko kazi yake kuumiza. Weye ukaitoa maumivu, na sasa haina tena mahali ya kupumzika."

"Na Bwana Ansel?"

Akafungua mlango wa gari. "Mi najua tangu mwaka jana. Usimuambie mutu. Kuwa masikio yake, basi."

Nikawa. Miaka tisa. Yeye anatuni, anatikisa kichwa kuridhika, anakwenda kuosha vikombe. Mimi nachukua kitambaa cha vumbi, ndani yake nimefunga ufunguo, napita juu ya nyuzi "kupangusa," na nazirudisha zilizopotea mahali pake. Wateja hawakujua. Karakana haikupoteza jina. Nilijiona mtu mwema, mwenye malezi, na nilikuwa najivunia sana adabu yangu.

Siku aliyofunga meza yake ya kazi, binti yake anamngoja nje kwenye gari, alinikalisha mbele ya hapsikodi ileile ya Wheaton. Ilikuwa imeletwa kubadilishwa manyoya. Akaniuliza, kwa sauti kubwa kama wasemavyo wasiojisikia:

"Ile Jumapili. Ilikuwa E, siyo?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nikaitikia kwa kichwa. Nikamwandikia kwenye karatasi: Ulijuaje?

"Kinanda nimekijenga mimi. Nilikuwa natazama mikono. Nusu saa hakuna kidole kilichokigusa kitufe kile."

Nikaandika: Kwa nini ulinisifu?

Akaisoma karatasi. "Nilijua kuna kitu, sikujua ni kitu gani. Nikasema, nikimsifu hatavumilia, ataniambia ukweli. Akiniambia ukweli huo, na mimi nitamwambia wangu." Akafuta miwani yake. "Nikangoja. Wewe ukaja na kitambaa."

Tukacheka. Akauliza vumbi gani lile la miaka tisa, tukacheka tena. Kisha hakucheka.

"Sikupata mtu wa kumwambia naogopa," akasema. "Watu wote walikuwa na adabu mno."

Akalaza kiganja juu ya mbao, akaniomba nimpigie nota inayoegemea. Nikampigia, E juu ya F, nikaishikilia mpaka akafumba macho, kisha nikaiteremsha. Sijui alipata nini kwenye kiganja chake. Mimi nililia, sioni haya kusema. Mficha uchi hazai, ndivyo tulivyoambiwa tangu utotoni, na mimi nilikuwa nimemfichia mwenzangu uchi wake miaka tisa nikidhani namvika nguo.

Nimemaliza, ila moja.

Mjukuu wangu Samira anafanya kazi kwenye maabara Gaithersburg. Kila Jumamosi huja kwangu akiilaani barabara ya I-270, na mimi humfundisha kwenye hapsikodi ndogo iliyoko sebuleni. Ana sikio la baba yangu, la kurithi, siyo la kusomea. Jumamosi iliyopita nilituni mimi, yeye akiangalia. Nikamaliza, nikamwuliza, akasema, "It's perfect, Bibi, wallahi." Kisha akaenda jikoni, akarudi na kitambaa. "Ngoja nidust tu kidogo."

Mimi asubuhi ile nilikuwa nimepangusa. Na ufunguo haukuwa mezani nilipouacha. Ulikuwa umefanya kijinundu ndani ya kitambaa, ninakijua kijinundu hicho vizuri kuliko ninavyojua tasbihi yangu. Mara ngapi sasa? Nilijifanya natazama dirishani, kwa adabu.

Samira, najua utayasoma haya, hata kama utaniuliza maneno mawili matatu kwenye simu. Nyuzi za juu sizisikii tena tangu mwaka jana, na naogopa. Jumamosi ukija, kitambaa kiache jikoni. Kaa hapa karibu yangu, uniambie ni nota gani.